Mgahawa wa bei ya kati katika nyumba ya zamani mjini Dodoma: mwongozo kamili

Dodoma ya zamani ilikua kandokando ya reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, na karibu na stesheni yakaota maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi, maghala, nyumba za watumishi wa reli na za serikali. Leo ukipita Uhuru, Madukani, Viwandani na mitaa inayozunguka Soko la Majengo bado unaziona: kuta nene, baraza mbele, ua nyuma, milango mirefu ya mbao. Wanaotaka kufungua mgahawa wa kisasa mara nyingi huzikwepa nyumba hizi na kukimbilia fremu mpya za vioo. Fremu za vioo Dodoma ni tanuri saa nane mchana, na kiyoyozi chake kitakula faida yako yote.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka mgahawa wa viti 40 hivi, sahani kuu kati ya shilingi 12,000 na 25,000, chakula kinachotokana na mazao ya Kanda ya Kati lakini kimepikwa na kupangwa kwa namna ya leo. Nafasi ipo. Upande mmoja kuna mama lishe wanaoshibisha mji kwa bei ndogo, upande mwingine kuna bafe za hoteli kubwa. Katikati kuna mtumishi anayetaka kumtoa mwenzake chakula cha jioni, familia inayosherehekea mahafali ya kijana wao UDOM, na mgeni aliyeshuka kwenye treni ya SGR ambaye hataki tena chipsi kuku. Watu hawa watarudi ikiwa chakula ni kizuri kila siku na bili haiwashtui.

Kuichagua nyumba

Itembelee mara mbili kabla ya kuzungumza bei: saa nane mchana wakati wa jua kali, na saa mbili usiku. Mchana utajua joto, usiku utajua taa za barabarani, kelele za jirani na mahali wateja watakapoegesha magari.

Tazama baraza linaelekea wapi. Upepo wa kiangazi Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, nao hubeba vumbi kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza. Baraza linaloelekea huko litahitaji kuta fupi za mimea au mapazia ya turubai. Baraza la magharibi litapigwa na jua kuanzia saa tisa, kwa hiyo halina kazi mchana, ila jioni ni zuri sana. La kaskazini au kusini ndilo rahisi kuliko yote.

Pima eneo. Kiti kimoja, ukihesabu na njia ya mhudumu, kinahitaji mita ya mraba moja na nusu. Viti 40 ni mita 60 za mraba, pamoja na baraza. Jiko, sehemu ya kuoshea na stoo vinahitaji mita 25 za mraba kwa uchache. Wengi hubana jiko wapate meza mbili zaidi, kisha siku mgahawa ukijaa wapishi wanagongana na chakula kinachukua saa nzima kutoka. Meza hizo mbili hazikulipi.

Chukua bisibisi, uchomechome fremu za milango, madirisha na ncha za mbao zinazobeba paa. Mchwa wa Dodoma hula mbao kwa ndani na kuacha ngozi ya juu ikiwa nzima, ikipakwa rangi huwezi kujua. Bisibisi ikizama kama kwenye ndizi mbivu, hesabu gharama ya mbao mpya na dawa ya udongo. Chunguza pia unga mweupe chini ya kuta: hiyo ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka ardhini, na tiba yake tutaieleza mbele. Ukikuta paa au dari ya asbesto, usikate, usitoboe wala usipige msasa. Vumbi lake linadhuru mapafu. Kuiondoa ni kazi ya mafundi wenye vifaa na kibali. Gharama hiyo iwe ya mwenye nyumba, au iache nyumba hiyo.

Maswali mawili ya mwisho yaulize ofisini, usimuulize dalali. DUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dodoma, watakuambia kama nyumba imeunganishwa na mfumo wa majitaka na ratiba ya mgao wa maji ikoje mtaa huo. TANESCO watakuambia kama unaweza kupata umeme wa njia tatu.

Mkataba

Nyumba nyingi za zamani ni za urithi. Anayekuonyesha nyumba anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya saba. Dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi na hati ya kiwanja, kisha hakiki hati kwenye ofisi ya ardhi. Dodoma ina jambo lake la pekee: viwanja vilimilikishwa kwa muda mrefu na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kwa hati za miaka 33, hadi mamlaka hiyo ilipovunjwa Mei 2017 na majukumu yake kwenda halmashauri. Soma tarehe ya hati. Kama muda wake unakaribia kwisha, usiweke fedha za ukarabati mpaka mwenyewe aihuishe.

Usikubali mkataba wa mwaka mmoja kwenye nyumba ambayo utaitengeneza wewe. Miaka mitano ndiyo kiwango cha chini, yenye haki ya kuongeza, na orodha ya matengenezo yatakayokatwa kwenye kodi iandikwe kwa kiasi na kwa tarehe. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Na unapomlipa mwenye nyumba, wewe mfanyabiashara unatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA. Lielezeni jambo hili mezani kabla ya kusaini. Mwenye nyumba akisema anataka milioni moja mkononi, maana yake kodi halisi ya pango si milioni moja, ni 1,111,000 na ushee.

Jambo moja la kisheria linawahusu wanaopenda nyumba hizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya enzi ya reli hayamo mpaka yatangazwe rasmi. Kwa hiyo nyingi ya nyumba hizi hazina mlinzi mwingine zaidi ya anayezitumia. Ukibomoa baraza uweke vioo, hakuna atakayelirudisha.

Ukarabati usioua nyumba

Kuta za zamani zilijengwa kwa mawe au matofali na kusilibwa kwa chokaa. Chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka kupitia ukuta mzima na kukauka. Fundi wa leo akikuta plasta imebanduka, haraka yake ni saruji. Saruji huziba. Unyevu hupanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya masika mawili vipande vikubwa vinaanguka pamoja na rangi uliyoilipia.

Fanya hivi. Bandua plasta iliyolegea, piga ukuta brashi kavu, uache upumue wiki mbili. Loweka chokaa usiku kucha kwenye pipa. Changanya sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wa makorongo uoshwe kwanza, kwani baadhi yake una chumvi na utarudisha ugonjwa uleule. Lowanisha ukuta, siliba tabaka lisilozidi milimita 10, ukihitaji zaidi subiri wiki moja uongeze la pili. Hapa ndipo kazi huharibika Dodoma: upepo mkavu huikausha chokaa kabla haijakomaa, inapasuka nyufa ndogondogo kama utando. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na unyunyize maji mara tatu kwa siku kwa siku tano. Fanya kazi hii Machi au Aprili kama unaweza, usiifanye Agosti. Rangi iwe chokaa pia, mikono mitatu au minne myepesi. Rangi ya mafuta inaziba sawasawa na saruji.

Sakafu nyekundu ya saruji iliyopigwa nta, kama ipo, iache. Safisha, ziba nyufa, piga nta upya. Inapendeza kuliko vigae vya bei ya kati na haitelezi ikiwa nta ni kidogo.

Kuhusu joto: ukuta mnene huchelewesha joto la mchana mpaka jioni. Fungua madirisha yote usiku, yafunge saa nne asubuhi, weka feni za dari na matundu ya hewa chini ya paa. Ukifuata ratiba hiyo chumba kitakaa vizuri bila kiyoyozi, isipokuwa siku chache za Oktoba na Novemba. Juni na Julai tatizo linageuka: jioni ni baridi na baraza linahitaji mapazia. Tatizo la nyumba hizi ambalo watu hawalitegemei ni mwangwi. Dari ndefu na kuta tupu hugeuza watu 30 kuwa kelele za sokoni. Tundika mikeka mikubwa ya ukindu, nyuma yake weka godoro jembamba au gunia nene, kwenye kuta mbili zinazopakana. Utasikia tofauti siku hiyohiyo.

Jiko liende uani

Jenga jiko jipya uani, pembeni ya nyumba ya zamani, lisiegemee ukuta wake. Huko ndiko saruji na vigae vinakofaa: vigae mpaka mita 1.8, sakafu isiyoteleza yenye mteremko kuelekea mfereji, nyavu kwenye madirisha.

Mpangilio ufuate safari ya chakula: mlango wa mali, stoo na majokofu, meza ya kukatia, majiko, dirisha la kutolea sahani. Vyombo vichafu viingie kwa njia nyingine. Sinki la kunawia mikono liwe peke yake, si lile la kuoshea mboga.

Pikia gesi. Mitungi miwili ya kilo 38 ikae nje, wima, kivulini, mbali na mfereji wa maji machafu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya mashimoni. Mkaa ubaki kwa ajili ya kuchomea nyama tu. Mwelekeo wa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 uko wazi, na jiko lililojengwa kwa kutegemea mkaa litakugharimu kulibadilisha baadaye.

Maji: hesabu lita 35 kwa kila mteja, ukijumlisha kupika, kuosha na choo. Wateja 70 kwa siku ni lita 2,450. Tangi la lita 5,000 linakuvusha siku mbili za mgao. Maji ya visima ya Dodoma ni magumu, huacha ukoko mweupe kwenye birika na kuua mashine ya kahawa, kwa hiyo mashine hiyo iwe na kichujio chake cha kulainisha maji na usafishaji wa ukoko uwe kwenye ratiba. Kabla maji machafu hayajaingia kwenye bomba la mtaa, yapite kwenye chemba ya mafuta ya lita 500 au zaidi, isafishwe kila wiki. Ukiiruka, mafuta yataganda, bomba la zamani litaziba, na majitaka yatarudi uani Jumamosi jioni watu wakiwa mezani.

Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maharage, njugu mawe na kwato huchukua muda mrefu kuliko mapishi ya pwani yanavyosema. Nunua sufuria mbili kubwa za presha, zitajilipa kwa gesi.

Menyu: sahani kumi na mbili zinatosha

Menyu ya kurasa nane ina maana ya friza lililojaa vitu vya zamani. Anza na vianzio vitatu, sahani kuu sita, vitindamlo vitatu. Kila kiungo kikuu kitumike kwenye sahani mbili au zaidi, ili kisichouzwa hapa kiuzwe pale.

Kanda ya Kati inakupa vingi: uwele na mtama, mlenda, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, ufuta, mbuzi, kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti kutoka Singida, asali ya Manyoni na Itigi, perege wa bwawa la Mtera, ubuyu, ukwaju, na zabibu ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari–Machi na tena Agosti–Septemba. Usasa wa sahani uko kwenye uangalifu: kipimo, moto sahihi, na kuacha ladha moja itawale. Kumwagia sosi ya chupa juu ya kila kitu si usasa.

Sahani ya kubeba jina la mgahawa tunapendekeza iwe mbuzi wa kupikwa polepole kwa zabibu na ukwaju, ugali wa uwele wa kukaanga, na mlenda wa karanga. Hivi ndivyo inavyotengenezwa.

Mbuzi: chukua bega na paja vyenye mifupa, kilo 3 kwa watu kumi. Paka chumvi gramu 36, yaani gramu 12 kwa kilo, uache kwenye jokofu usiku kucha. Kaanga vipande kwa mafuta moto mpaka viwe kahawia pande zote, vichache kwa awamu. Ukijaza sufuria nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na ladha yote ya mchuzi hutokana na hatua hii. Kaanga vitunguu gramu 500, ongeza kitunguu saumu gramu 40, tangawizi gramu 40, nyanya gramu 600, kisha zabibu nyekundu zilizopondwa na kuchujwa mililita 500 na rojo ya ukwaju gramu 80. Rudisha nyama, funika, weka kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa saa tatu. Iko tayari mfupa ukichomoka kwa kuvuta. Ikiwa ngumu baada ya saa tatu, tatizo ni mbuzi mzee: ongeza saa moja, usiongeze moto. Toa mifupa, chemsha mchuzi upungue kwa theluthi. Tunashauri kabisa usitie mvinyo kwenye sufuria hii. Mji huu una waumini wengi wa Kiislamu, Msikiti wa Gaddafi uko hapahapa mjini, na sahani inayobeba jina lako inatakiwa iliwe na kila anayeingia. Mvinyo uwe kwenye glasi, kwa anayeutaka.

Ugali wa kukaanga: unga wa uwele gramu 250 na wa mahindi gramu 125 kwa lita moja ya maji na chumvi gramu 8. Uwele peke yake hukatikakatika ukikaangwa. Songa kwa dakika 15, mimina kwenye trei iliyopakwa mafuta, unene wa sentimita 3, funika na nailoni iguse uso wa ugali ili usiweke ngozi, upoe, uingie jokofuni mpaka kesho. Kata vipande, vipanguse vikavu, kaanga kwenye kikaango cha chuma kilichopata moto kweli, dakika 4 kila upande bila kugusagusa. Ukigandia, ama kikaango hakikuwa na moto au kipande kilikuwa na maji.

Unga wa uwele una adui anayeshangaza wengi. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, na ukishasagwa mafuta hayo huanza kuoza kwa hewa. Ndani ya wiki moja au mbili unga unakuwa mchungu na unanuka uvundo, mteja anadhani ndiyo ladha yake. Nunua nafaka, saga kilo chache kila wiki, weka kwenye jokofu.

Mlenda: wakati wa mvua tumia majani mabichi, kiangazi tumia wa unga. Gramu 25 za unga kwa nusu lita ya maji yanayochemka, karanga zilizosagwa gramu 60, nyanya moja, magadi robo kijiko cha chai na si zaidi, kwani yakizidi mlenda unakuwa na ladha ya sabuni. Dakika kumi. Uwe mzito wa kukaa kwenye sahani bila kukimbia.

Karanga na mahindi vichambuliwe kwa mkono kabla ya kusagwa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho wala haiondolewi kwa kupika. Unachoweza kufanya ni kununua kwa anayekausha na kuhifadhi vizuri, kutupa punje zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizotobolewa, na kutonunua kamwe karanga zilizokwisha kusagwa na mtu usiyemjua.

Sahani nyingine zipange kwa mantiki hiyohiyo: perege wa kuoka na chachandu ya ukwaju, kuku wa kienyeji nusu aliyechemshwa kwanza kisha kuchomwa, njugu mawe kwa nazi au ufuta kwa wasiokula nyama, saladi ya choroko zilizochipua na zabibu, mtindi mzito wenye asali na zabibu za kuoka, malai ya ubuyu. Nyama yote iwe na mhuri wa mkaguzi.

Kupanga bei bila kujidanganya

Migahawa ya bei ya kati hufa hapa. Tumia bei za sokoni za wiki yako. Hizi ni za mfano wa kuonyesha njia. Mbuzi shilingi 14,000 kwa kilo yenye mifupa. Ukimpa mteja gramu 350 mbichi ni 4,900. Kumbuka kuwa mfupa huchukua karibu asilimia 30 na kupika hupunguza nyama iliyobaki kwa asilimia nyingine 30, hivyo gramu 350 zinabaki kama 170 mezani. Unga 240, mlenda na karanga 560, vitunguu, nyanya, mafuta na viungo 700, zabibu na ukwaju 400. Jumla 6,800. Ongeza asilimia 5 ya upotevu: 7,140.

Kanuni ya kawaida ni gharama ya chakula isizidi theluthi ya bei. Unazidisha kwa tatu, unaandika 22,000, unalala vizuri. Lakini ukiwa umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 18 ya kiwango cha kawaida imo ndani ya 22,000 hiyo. Inayobaki kwako ni 18,644, na gharama ya chakula imefika asilimia 38. Tena huna cha kurejeshewa kwenye mbuzi, nafaka na mboga, kwa sababu mazao ghafi hayatozwi VAT. Usajili ni lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa miezi 12, na mgahawa wa viti 40 unaofanya vizuri unafika huko. Panga bei za VAT tangu siku ya kwanza, la sivyo utapandisha bei ghafla baada ya mwaka na wateja wataona umelewa umaarufu.

Rekebisha hivi: gramu 300 za mbuzi ni 4,200, vingine vilevile 1,900, jumla 6,100, na upotevu 6,405. Ukilenga asilimia 36, gawanya kwa 0.36 upate 17,792, zidisha kwa 1.18, ni 20,994. Andika 21,000. Fidia asilimia hizo tatu kwa juisi ya ubuyu, ukwaju na chai ya viungo, ambazo viungo vyake ni bei ndogo. Fanya hesabu hii kwa kila sahani, kwa karatasi, kila mwezi, na kila bei ya mbuzi inapopanda.

Mvinyo wa Dodoma

Kuwa na mvinyo wa hapa ni heshima kwa wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Bihawana, nao unauzika. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano za mililita 150.  Mvinyo mwekundu haunywewi kwenye joto la chumba cha Dodoma. Uweke jokofuni dakika 30 kabla, ufike nyuzi 16 hadi 18. Chupa iliyofunguliwa izibwe, irudi jokofuni, imalizwe ndani ya siku tatu. Ikipita hapo mpe mpishi atengenezee siki. Leseni ya vileo ni tofauti na leseni ya biashara, na ukaribu wa msikiti, kanisa au shule unaweza kukukwamisha. Uliza kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.

Vibali, kwa mfuatano unaookoa muda

Jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kisha TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, kisha leseni ya biashara ya Jiji kupitia mfumo wa Tausi. Kibali cha ukarabati Jiji, kabla fundi hajagusa ukuta. Bwana afya akague michoro ya jiko ungali unajenga, maana kubomoa vigae baadaye ni hasara. Usalama wa chakula, tangu 2019, uko chini ya TBS, Shirika la Viwango. OSHA (usalama na afya kazini) na Zimamoto wana ukaguzi wao. Wafanyakazi wote wa chakula wapimwe afya, na vipimo hurudiwa kila miezi sita. Kila mauzo yatolewe risiti ya mashine ya EFD.

Watu

Viti 40 vinahitaji wapishi watatu, muosha vyombo mmoja, wahudumu watatu, mtunza fedha mmoja na mlinzi. Hao ni tisa. Ukifika kumi unaanza kudaiwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara, kwa hiyo mtu wa kumi awe anayelipa nafasi yake. NSSF ni asilimia 20 kwa jumla, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni asilimia 0.5. Viandike kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wahudumu waonje kila sahani na waweze kuieleza kwa sentensi moja. Karibu ya kweli, maji mezani ndani ya dakika mbili, oda ndani ya kumi, chakula ndani ya 25. Mzee akiingia, mhudumu asimame na kumwamkia shikamoo kabla ya kumwonyesha menyu. Lipa namba ibandikwe kwenye kila meza.

Kalenda ya mji

Kikao cha bajeti cha Bunge, Aprili hadi mwisho wa Juni, hujaza mji. Usichukue mikopo kwa kutazama mauzo ya miezi hiyo. Mji wa Serikali Mtumba uko kilomita 17 hivi kutoka hapa, kwa hiyo watumishi wengi hawaji mjini kwa chakula cha mchana. Mchana wako ni wa mabenki, maduka na mawakili, uwe na sahani moja ya siku ya 12,000 inayotoka ndani ya dakika kumi. Jioni ndiyo ya wizara. Ijumaa tangu SGR ianze 2024 watu wengi hupanda treni kwenda Dar es Salaam kwa wikendi, hivyo Jumamosi lenga familia zinazokaa Dodoma. Mwezi wa Ramadhani usifungue mgahawa mchana, andaa futari ya bei moja.

Wiki sita za kwanza

Usifungue kwa mbwembwe. Wiki mbili za mwanzo fungua jioni tu, meza nusu, menyu ya sahani sita. Kila usiku andika vitu vitatu: sahani ngapi ziliuzwa kwa kila aina, nini kilitupwa na kwa nini, na sahani ipi ilichelewa. Pima mabaki yanayorudi: kama ugali unarudi nusu kwenye sahani nyingi, kipande ni kikubwa, punguza. Wiki ya tatu ongeza mchana. Wiki ya sita hesabu stoo yote Jumapili usiku, linganisha na manunuzi na mauzo. Ikiwa gharama halisi ya chakula imezidi ile ya karatasi kwa zaidi ya asilimia 3, anza kuchunguza mizani ya nyama, kisha kijiko cha mafuta, kisha mlango wa nyuma.